Wakuu Watatu Walioondoka: Habari za Vyuo Vikuu Vyetu Mwaka 1970

Tarehe 30 Juni mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilifikia mwisho wake, na kesho yake palikuwa na vyuo vikuu vitatu mahali pa kimoja: Makerere katika Uganda, Nairobi katika Kenya, na Dar es Salaam kwetu. Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi, na wengi waijua. Lakini liko jambo moja lililofungamana nayo ambalo halikutazamwa sana, nalo ndilo nitakalo kulieleza hapa. Katika kugawanyika huko wakuu watatu waliokuwa wakiviongoza vyuo hivyo waliondoka wote, kila mmoja akashika njia yake. Na katika viti vyao wakaketi watu watatu ambao hapana hata mmoja wao aliyekuja moja kwa moja kutoka darasani. Mmoja alitoka katika ofisi ya chama, wa pili katika ofisi ya serikali, na wa tatu katika ubalozi.

Msomaji aweza kuuliza, Haya yatuhusu nini sisi tukaao Ludewa, mbali na Dar es Salaam kwa safari ya siku, katika kitabu cha jubilei? Nami nitamjibu kwamba milima yetu hii ilikwisha kuliona jambo la namna hiyo kabla ya kuwako chuo kikuu cho chote katika nchi. Vita Kuu ya kwanza ilipofika huku mwaka 1916, majeshi ya Waingereza yalipanda kutoka upande wa Nyasaland na Rhodesia chini ya Jenerali Northey, yakaitwaa Njombe, na wamisionari Wadachi wa Berlin waliokuwa Kidugala, Lupembe na vituo vingine wakaondolewa. Hawakuagana na shule zao kwa sherehe. Ikapita miaka karibu kumi kabla hawajarudi, na katika miaka hiyo Waskoti wa Livingstonia walipewa kuziangalia kazi zile, lakini watu wao walikuwa wachache na nchi ni pana. Kazi ya kila siku ikabaki mikononi mwa walimu Waafrika. Penye mwalimu aliyekwisha kukabidhiwa daftari na ufunguo, kengele iliweza kulia asubuhi ya pili. Pasipo na mwalimu wa namna hiyo, nani angeipiga? Basi watu wa huku hawahitaji kufundishwa kwamba kuondoka kwa mkuu wa shule si habari ya mtu mmoja na masanduku yake.

Sasa tuje Dar es Salaam. Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita na zaidi kidogo kabla ya Uhuru wa Tanganyika, nacho hakikuwa na jumba lake. Chama cha TANU kilitoa nyumba yake ya Mtaa wa Lumumba, na humo wakaingia wanafunzi 14, wote wa sheria. Shahada zao zilikuwa za Chuo Kikuu cha London, kwa maana chuo kichanga hakiwezi kujitolea shahada na kuaminiwa na watu mara moja. Mwaka 1963 vyuo vitatu vya Afrika Mashariki vikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu kimoja, na Mwalimu Nyerere akawa Mkuu wake wa heshima. Kila nchi ikapewa sehemu yake ya kazi iliyo ghali: udaktari ukawa Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Mpango huo ulikuwa wa akili, maana nchi tatu maskini hazina haja ya kujenga nyumba tatu za kitu kimoja. Mwaka 1964 chuo chetu kikahama mjini, kikapanda kilimani upande wa Ubungo, kilomita 13 kutoka katikati ya mji, na tangu hapo watu wamekiita Mlimani.

Mkuu wa kwanza alikuwa Cranford Pratt, mtu wa Kanada, aliyekwisha kufundisha Makerere katika miaka ya 1950. Alikuwa kijana kwa cheo hicho, umri wake miaka 35. Alikaa miaka minne tu, akaondoka mwaka 1965, na kiti chake akakishika Dakta Wilbert Chagula, Mtanzania wa kwanza kukiongoza chuo hicho. Dakta Chagula alikuwa tabibu aliyesoma Makerere na kufundisha huko elimu ya viungo vya mwili. Wala hakuja Mlimani kama mgeni siku ile ya kupokea ukuu, maana alikuwa amekwisha kufanya kazi katika uongozi wa chuo chini ya Bwana Pratt. Mimi nalihesabu jambo hilo kuwa kubwa kuliko majumba yaliyojengwa katika miaka ile. Mgeni alikuja akijua kwamba ataondoka, na mwenyeji aliyempokea alikuwa amekwisha kuzoea milango yote ya nyumba. Makabidhiano ya mwaka 1965 yalipita bila kelele, ndiyo maana watu wachache huyakumbuka.

Miaka mitano ya Dakta Chagula haikuwa ya kimya. Mwezi wa Oktoba 1966 serikali ilikuwa imeagiza kwamba vijana wamalizao masomo ya juu waingie Jeshi la Kujenga Taifa, kisha watumike kwa muda huku wakipokea sehemu tu ya mshahara wao. Wanafunzi wakakataa. Tarehe 22 mwezi ule wakaandamana mpaka Ikulu, wamevaa majoho yao ya chuo, na mmoja akachukua bango lililosema kwamba wakati wa ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere alisikiliza maneno yao, kisha akakasirika sana, akawaambia kwamba kama shida ni mishahara, basi mishahara yote ni mikubwa kupita kiasi. Akaupunguza wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wanafunzi 393, wengi wao wa Mlimani na wengine wa vyuo vingine vya mjini, wakarudishwa kwao. Wengi wakapokewa tena baada ya muda, walakini mzazi aliyeuza ng'ombe ili mtoto afike huko, akamwona ashuka katika lori na sanduku lake kabla ya wakati, hakuweza kujua hayo mapema.

Neno lililotamkwa siku ile Ikulu halikutoka kinywani mwa Mkuu wa Chuo. Lilitoka kwa Rais. Hapo ndipo lilipoonekana wazi swali ambalo lingekuja kuamuliwa mwaka 1970: chuo hiki ni cha nani? Azimio la Arusha likatangazwa mwezi wa Februari 1967, na mwezi wa Machi chuo chenyewe kikaita mkutano wa siku tatu kuuliza kazi yake ni nini katika nchi ya ujamaa. Hapo walimu wengine walisema kwamba masomo yapaswa kugeuzwa tangu mizizi, wengine wakasema kwamba chuo kisichokuwa na uhuru wa kufikiri hakiwezi kuwatumikia hata hao wakulima wanaotajwa. Wanafunzi nao hawakungoja. Mwaka 1969 kundi lao lililopenda mageuzi liliziba milango ya kitivo cha sheria, likidai kwamba mafundisho yake hayana habari za nchi hii. Katika walimu wa wakati ule alikuwako Walter Rodney wa Guyana, ambaye jina lake lilienea ulimwenguni.

Kwa hiyo Mkuu wa Chuo alikaa kati ya mawe matatu: serikali yenye kutoa fedha, walimu ambao wengi wao walikuwa wageni wenye mikataba ya miaka michache, na wanafunzi waliogawanyika, hawa wakiona chuo ni cha kibepari mno, na wale wakiona kwamba siasa imezidi. Pamoja na hayo kazi ilisonga mbele. Sayansi ilikuwa imeanza mwaka 1965. Mwaka 1968 shule ya madaktari ya Dar es Salaam ikawa kitivo cha chuo, na kilimo kikatayarishwa Morogoro. Yule aliyeyaendesha haya hakuwa na sifa ya kupiga kelele, na sijui kama nchi ilimshukuru ipasavyo. Kazi ya msimamizi wa chuo ni ya namna hiyo. Ikienda vizuri haionekani: mwalimu apata nyumba, kitabu chafika kabla ya mtihani, mtahini wa nje apata tikiti yake ya ndege, mshahara wa mpishi walipwa mwisho wa mwezi.

Ikafika Julai 1970. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikasimama peke yake kwa sheria iliyopitishwa Bungeni, na vyeo vikabadilishwa. Zamani mwenye kukiongoza chuo aliitwa Mkuu; sasa Mkuu wa Chuo alikuwa Rais wa nchi mwenyewe, na mwenye kukiongoza kila siku akaitwa Makamu wa Mkuu wa Chuo. Wengine watasema kwamba ni desturi ya Waingereza tu, ambako Mkuu wa heshima huvaa joho siku ya mahafali na kwenda nyumbani. Ni kweli kwamba desturi yenyewe ilitoka huko, wala si jambo geni hapa, maana Mwalimu alikuwa na cheo hicho hicho katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Lakini huko Uingereza mwenye joho hana polisi wala hazina. Hapa alikuwa navyo.

Dakta Chagula hakupewa cheo kipya cha Makamu. Aliingia katika Baraza la Mawaziri mwaka ule ule, akashika wizara ya maendeleo ya maji na nguvu za umeme. Si aibu kwa mtu kutoka chuoni kwenda kuwapatia watu maji, na kwa nchi iliyokuwa na vijiji vingi visivyo na bomba aliye tabibu alifaa kwa kazi hiyo. Mahali pake pakashikwa na Bwana Pius Msekwa wa Ukerewe, ambaye alikuwa karani wa Bunge tangu mwaka 1962 hata 1967, kisha katibu mtendaji mkuu wa TANU. Alisoma Makerere, alijua kuendesha ofisi kubwa, na hapana mtu aliyesema kwamba hakuwa na uwezo. Waliouliza waliuliza jambo jingine: je, katibu wa chama aweza kumwambia Rais, Hapana, katika mambo ya chuo? Na waliomtetea walijibu: je, chuo kilichojengwa kwa kodi ya mkulima kina haki gani ya kutaka msimamizi asiyeijua shabaha ya mkulima? Maswali yote mawili yalikuwa ya haki, na kila upande uliona kwamba wa pili hautaki kujibu.

Nairobi ikawa vile vile kwa njia yake. Mkuu aliyeondoka alikuwa Arthur Porter, mwanahistoria wa Sierra Leone, Mwafrika kutoka magharibi aliyewatumikia watu wa mashariki tangu mwaka 1964. Baadaye alikwenda kukiongoza chuo kikuu cha nchi yake. Aliyempokea alikuwa Dakta Josephat Karanja, msomi mwenye shahada ya juu, ambaye miaka ile yote alikuwa balozi wa Kenya mjini London. Huko Makerere aliondoka Yusuf Lule, naye kwa haki hatuwezi kumwita mtu wa darasani tupu, kwa maana alikwisha kuwa waziri katika serikali ya kikoloni ya Uganda kabla ya kuwa Mkuu wa Makerere mwaka 1964. Katika kiti chake akaketi Frank Kalimuzo, aliyekuwa katika daraja za juu kabisa za utumishi wa serikali ya Rais Obote.

Serikali tatu zisizofanana kwa siasa, moja ya ujamaa, moja ya biashara, na moja iliyokuwa ikiyumba, zilifanya jambo moja katika mwaka mmoja. Naona sababu ni nyepesi. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa cha nchi tatu, na kitu cha watatu hakiwezi kuamriwa na mmoja. Mkuu wa kila chuo aliweza kusema kwamba jambo hili halina budi kupelekwa kwenye baraza la pamoja. Kilipovunjwa, ukuta huo nao ukaanguka. Kila serikali ikajikuta ina chuo chake peke yake, na kila moja ikamtuma mtu inayemwamini akakae mlangoni.

Matunda yake hayakukawia. Mwezi wa Novemba 1970 kundi la wanafunzi wa mageuzi la Mlimani likapigwa marufuku pamoja na gazeti lao, Cheche. Mwezi wa Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi, Simon Akivaga, kijana wa Kenya ambaye kuwako kwake kulikuwa ni masalio ya ule umoja wa zamani, aliandika waraka wa wazi kwa Makamu wa Mkuu wa Chuo kulalamika kwamba uongozi waamua mambo bila kushauriana na wanafunzi. Akafukuzwa. Polisi wenye silaha wakaja Mlimani wakamtia garini mbele ya wenzake, akapelekwa kwao Kenya. Wanafunzi wakaacha kuingia madarasani, na walimu wengi wakasimama upande wao, hata wale ambao hawakukubaliana na maneno ya waraka. Miaka mitano nyuma, wanafunzi walipofukuzwa, walimu wengi walinyamaza. Safari hii walisema, kwa sababu jambo lilitendeka ndani ya nyumba yao, na aliyelitenda alikuwa mkuu wao wenyewe.

Sitaki msomaji adhani kwamba kwa hiyo miaka ya Bwana Msekwa ilikuwa ya hasara tupu. Alikaa mpaka 1977, na katika muda huo chuo kikaanza uhandisi, kikaongezeka watu, na walimu Watanzania wakazidi kushika nafasi za wageni. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaagiza kwamba mtu afanye kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu, akipata sifa njema kutoka kwa wenziwe kazini. Kwa azimio hilo watu wazima waliokwisha kukata tamaa walipata mlango, na vijana wengine waliotoka kidato cha sita wakaona mlango wafungwa.

Makerere yalitokea yaliyo mabaya zaidi. Idi Amin alikuwa amekwisha kutwaa serikali mwezi wa Januari 1971. Mwezi wa Oktoba 1972 askari wakamchukua Bwana Kalimuzo, na hakuonekana tena. Alikuwa amewekwa katika kiti kile na serikali, na serikali ilipobadilika kiti hakikuweza kumlinda. Yusuf Lule, aliyeondolewa mwaka 1970, alikuwa hai nje ya nchi. Mwezi wa Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi, wakamchagua kuwa kiongozi wao, akawa Rais wa Uganda kwa siku 68.

Kwetu Dar es Salaam desturi iliyoanzwa mwaka 1970 iliendelea. Bwana Msekwa alipoondoka mwaka 1977, alikuja Bwana Ibrahim Kaduma, mwenyeji wa Njombe, jirani yetu, aliyetoka katika Wizara ya Mambo ya Nje. Yeye alikwisha kufanya kazi Mlimani kabla ya kuwa waziri, akiongoza taasisi ya taaluma za maendeleo, kwa hiyo alirudi mahali alipopajua. Wenyeji wa huku waliofurahi kusikia jina la Njombe katika redio hawakupata muda mrefu wa kufurahi, maana mwezi wa Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza za mapato na marupurupu ya viongozi. Wale wa 1966 walikasirishwa na kupunguziwa mshahara wao. Hawa wa 1978 walikasirishwa na kuongezewa kwa wengine. Mamia wakafukuzwa kama wale wa kwanza. Mwaka 1980 Bwana Kaduma akarudi katika uwaziri, na Bwana Nicholas Kuhanga akatoka katika Wizara ya Elimu kuja Mlimani, akakaa mpaka 1988. Basi kwa miaka 18 kiti kilipewa watu watatu, na kila mmoja alikuja kutoka katika ofisi za chama au za serikali.

Mwaka 1988 mlolongo huo ukakatika. Aliyetajwa safari hii alikuwa Profesa Geoffrey Mmari, mwalimu wa hesabu na wa elimu, mtu aliyekwisha kufundisha na kusimamia masomo Mlimani miaka mingi. Aliongoza wakati mgumu, na mwaka 1990 chuo kilifungwa kwa ugomvi wa wanafunzi na serikali. Akaondoka mwaka 1991, na kiti akakipokea Profesa Matthew Luhanga, mhandisi wa chuo hicho hicho, aliyekaa humo hata mwaka 2006. Kwa mara ya kwanza tangu Bwana Pratt na Dakta Chagula, mwalimu wa chuoni alimkabidhi mwalimu wa chuoni.

Profesa Mmari alikwenda kuanzisha chuo kingine kisichokuwa na mlima wala mabweni, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1992, naye akawa Makamu wake wa kwanza wa Mkuu wa Chuo. Wanafunzi wake husoma kwao na kufanya mitihani katika vituo vya mikoani. Mwalimu wa shule ya Mlangali au muuguzi wa Lugarawa aweza kuandikishwa katika chuo hicho pasipo kuliacha shamba lake wala zamu yake.